Kopo la Kahawa, Scranton

Mchambuzi ana meno meupe kama sinki jipya.
Kila Alhamisi usiku anatutazama kutoka kwenye televisheni
na kusema: wape wageni pointi tatu, mtanishukuru.
Chini ya kidevu chake hupita jina la kampuni ya kubeti
na zawadi ya mteja mpya.
Anayeuza samaki na anayeapa kwamba samaki ni wabichi
wamekalia kiti kimoja,
na Casimir, mume wangu, anatafuta kalamu.

Mimi nilishika vitabu vya ghala la matairi
miaka thelathini na mmoja.
Mpira siujui. Sijui kwa nini watu wazima
wanaangukiana juu ya yai la ngozi.
Lakini mali bila daftari huisha bila habari,
basi Septemba nilifungua ukurasa mpya
nikaandika juu yake: Tillinghast.

Wiki kumi na saba, chaguo tano kila wiki.
Themanini na tano.
Alipatia arobaini na tatu,
alikosea arobaini na moja,
moja ikaangukia juu ya mstari, si heri si shari.
Januari akajisifu hewani:
nimepatia kuliko nilivyokosea!
Na ni kweli. Si mwongo yule.
Ndiyo maana ilinichukua muda kumshika.

Kwani unaweka kumi na moja ili upate kumi.
Piga mwenyewe: mia nne na thelathini zimeingia,
mia nne hamsini na moja zimetoka.
Sarafu niliyoirusha jikoni mara themanini na tano,
supu ya kabichi ikichemka,
ilipatia arobaini na mbili
wala haikudai tai ya buluu.

Halafu ile moja ya juu ya mstari.
Yeye alisema tatu, Alhamisi.
Hadi Casimir atoke kanisani Jumapili
kila aliyemsikia ameshaikimbilia mashine ile ile,
tatu imekuwa tatu na nusu.
Wageni wakashinda kwa tatu.
Kwa mchambuzi, sare.
Kwa nyumba hii, kumi na moja nyingine.
Jumla: hasara ya thelathini na mbili.

Nikamsomea. Akakuna goti lake la chuma.
"Dola mbili kasoro kila Jumapili, Bernadine.
Nani mwingine atanipigisha kelele kwa bei hiyo?"
Nilikaribia kufunga daftari. Hoja ilikuwa nzuri.

Ndipo nilipotafuta kahawa
ndani ya kopo lisilo na kahawa.
Mikeka kumi na saba, imekunjwa kama barua za mapenzi:
ule mrefu wa kufungia kipindi, timu sita kwa mkupuo,
ambao mchambuzi huutaja akicheka,
"huu wa kujifurahisha tu,"
na kwenye rekodi yake hauingii kamwe.
Dola ishirini. Dola ishirini. Dola ishirini.
Yote imechanika.
Alipokunja uso alitugharimu chenji;
alipocheka, ndipo tulipolipa.

Sikusema kitu. Niliweka kopo mezani
kati ya chumvi na vidonge vyake vya presha.

Jumamosi ya mchujo televisheni ilikuwa bubu.
Mdomo wa Tillinghast ukafunguka, ukafumba,
theluji ikiteleza kwenye paa la jirani.
Casimir akanigeukia:
"Na wewe? Nani anashinda?"
"Sijui."
Akanitazama muda mrefu.
Tangu Septemba hakuna aliyempa jibu hilo.
"Sijui," akarudia, polepole,
kama mtu anayeonja supu,
akanyoosha mkono upande wa kopo,
akachukua chumvi.