Fomu ya Ruzuku, Ukurasa wa Nne

Ludmila kavaa koti ndani ya maktaba.
Paa linavuja juu ya rafu ya tamthilia,
ndoo ya maziwa inahesabu matone.

"Wanufaika wangapi?" fomu inauliza.
Anaandika: kumi na tisa.
Anafuta. Wafadhili hupenda umati.

Anamwongeza Vendelín, aliyezikwa Februari
na deni la kitabu cha nyuki;
anawaongeza waliohamia Bratislava,
na yule asiyezaliwa bado,
anayepiga mateke tumboni mwa karani wa posta.

Thelathini na mmoja.
Si uongo. Ni hesabu ya kijiji.

Swali la mwisho: "Mradi utaendeleaje
fedha zikiisha?"

Anacheka peke yake, mvuke ukimtoka kinywani.
Fedha! Zimeisha hata kabla hazijaja.
Anaandika: *kama kawaida*,
anamwaga ndoo dirishani,
anairudisha palepale.