Tungule

Kompyuta aliileta Time, binti wa marehemu kaka,
akaiweka sebuleni palipokuwa na cherehani,
akanifundisha mambo matatu: kuwasha, kuandika, kutuma.
La kuzima alisahau.
Basi huwa nangoja umeme wa Wete ukatike wenyewe.

Leo namwandikia Asaa Shaame, yuko Mtwara siku hizi,
aliyekaa dawati la tatu, upande wa dirisha.
Naandika jina lake, na papo hapo
mstari mwekundu unatambaa chini kama tandu mchanga.
Nabofya nilivyoelekezwa. Yaniuliza:
ulikusudia "saa"?
Hapana, mwanangu. Nilikusudia Asaa.

Naendelea. Skuli: tandu.
Mbatata: tandu. Boflo: tandu.
Wete, mji huu huu niliokaa ndani yake
namsikia jirani akigombana na ndoo bombani: tandu,
na ushauri juu yake kwamba niondoe e ya mwisho
nibaki na neno la Kizungu la kitu kilicholowa.
Kweli, mvua za vuli zimeanza.
Lakini sivyo nilivyotaka kusema.

Sina uso wa kulalamika.
Miaka thelathini na mmoja kalamu nyekundu ilikuwa yangu.
Nikiinunua kwa pakiti dukani kwa Mbarouk,
na kidole changu cha shahada hakitakati mpaka Ijumaa.
Nilijua kuikamata h iliyotoroka,
na z iliyovaa nguo za dh ikapita mlangoni.
Nilikata neno bila kuinua macho,
kama mtu achambuavyo mchele huku anazungumza.

Mwaka tuliopaka chokaa madarasa niliwapa insha:
asubuhi ya nyumbani kwetu.
Asaa akaandika,
Mama kaenda kuuza mafungu matano ya tungule
apate kuninunulia daftari.
Nikaikata tungule. Juu yake: nyanya.
Mtihani unatoka ng'ambo ya maji, nikamwambia,
na msahihishaji wa huko hana habari na tungule zenu.
Zenu.
Na mimi kanga yangu bado inanukia
tungule nilizokaanga alfajiri.

Hakujibu. Alifuta.
Alifuta kwa kifutio kigumu kile cha rangi ya buluu
mpaka ukurasa ukatoboka,
nami nikamkatia alama mbili za usafi.
Ni juzi tu, nikisaga nazi, mikono imejaa,
ndipo liliponijia lile daftari lilikuwa lipi.

Sasa naandika: Asaa, leo nimepika tungule.
Tandu huyo, mnene, mwekundu, na nyanya kaibeba mdomoni.
Chini ya nyanya kuna maneno madogo
ambayo Time hakunionesha:
Puuza. Puuza zote. Ongeza kwenye kamusi.
Nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.
Nikaongeza tungule.
Nikaongeza skuli, na boflo, na mji wangu.
Nikamwongeza Asaa, na baba yake Shaame kwa tahadhari.
Ukurasa ukabaki mweupe pe,
kama wa mtoto aliyenakili kwa mwenzake.

Ndipo nikasoma tangu juu, kidole kwenye kioo,
mazoea hayafi.
Mstari wa mwisho nilitaka kuandika,
siku ile ya insha nilikukosea.
Nimeandika, siku ile ya insha nilikukosa.
Herufi moja imeanguka, e ile ile
waliyotaka kuninyang'anya kwenye Wete,
na mashine kimya, haikuona lolote.
Neno lipo. Limeandikwa sawasawa.

Nilipeleka mkono kurekebisha.
Nikaurudisha mapajani.
Nikalisoma tena, kwa sauti, sebule tupu,
nikaona kuwa na hilo pia ni kweli.

Nikatuma.
Sasa nimekaa, nangoja umeme ukatike.
Usiku huu, kwa makusudi tu, haukatiki.