Ngeli ya Majitu

Kule Gravdal, chini ya mlima, mama alinifunza hivi:
jitu limekuja, jitu limekwenda,
jitu limekanyaga zizi la Aslaug.
Li, li, li, kama usemavyo jiwe limeporomoka.
Nikakua na silabi hiyo mdomoni,
kokoto ndani ya uji wa shayiri.

Mimi mng'oa meno. Kazi niliirithi kwa marehemu Eyvind,
aliyeniachia koleo tatu, deni la chumvi,
na mazoea ya kutotetemeka.

Theluji ya pili ilipoanguka, lilinijia:
mguu mmoja uani kwangu, mwingine ng'ambo ya mto,
sauti limeishusha mpaka ikawa kama kinu cha jirani.
"Bibi yetu anaumwa jino," lilisema. "Tafadhali."
Sikujua wanalo neno hilo.

Nikapanda kiganjani. Mikunjo yake ilikuwa na unga.

Siku tisa nilikaa kwao, maana kwanza sharti wakae.
Majitu hayahukumu yakiwa yamesimama,
hayaposi, hayadai, hayapeani habari ya msiba.
"Aliyesimama huona mbali," waliniambia,
"ila kilicho chini ya unyayo wake hakioni."
Basi hata kuamua kama jino ling'oke au libaki
ukoo mzima ulikaa,
na bonde likaingia giza saa sita mchana.

Mfupi kuliko wote ndiye huanza kula.
Nikaanza mimi, siku zote tisa, kwa aibu,
nikiinama juu ya bakuli pana kama kanisa letu,
nao wakinitazama kijiko, njaa ikiwanguruma.
Sisi hutuita wadogo.
Siku ya tano ndipo nilipoelewa
kwamba hawasemi kimo.
Wanasema: waliozaliwa nyuma yetu.

Kila mtoto hupewa jiwe siku anayozaliwa,
hulishika mfukoni mpaka kufa.
Ukitaka kujua mtu ameishi na hofu kiasi gani,
tazama kidole gumba kilivyolila.
La Bibi Ormunda lilikuwa laini kama yai la bata.

Na alikuwapo Tjolv, aliyewapa mgongo.
Ugomvi wa mbuzi, mwaka wa arobaini na mmoja.
Hupakuliwa kama wenzake,
bakuli hupitishwa juu ya bega lake.
Hakuna anayemwambia, geuka.

Siku ya nane nikauliza habari za zizi la Aslaug.
Kikawa kimya. Kisha kijana mmoja, Hvedrun, akakaa chini.
"Ni mimi. Kila vuli huteremka, nikakaa kando ya mto,
nimngoje mwenye kondoo aje anidai.
Miaka kumi na tisa. Hajaja mtu."
Nikaikumbuka ile vuli, na zilizofuata:
kengele, milango kupigwa makomeo,
mama akinong'ona, linatuvizia.

Siku ya tisa niliingia kinywani na taa ya mafuta ya nyangumi.
Mgeni hapumuliwi; ndiyo mila.
Ormunda akabana pumzi, na kimya kile
moyo wake ukabisha hodi kwenye nyayo zangu.
Nikafunga kamba kwenye gego, fundo la Eyvind, mara mbili.
Ncha nyingine waliipitisha juu ya bega la Tjolv.
Aliipapasa. Hakugeuka.
Akavuta.

Nilipotoka, bibi akaachia pumzi
na theluji ya paa zima ikaenda nayo.
Jino litakuwa kizingiti kwa mjukuu atakayeoa.
Tjolv aliendelea kula.

Nyumbani mama aliketi karibu na moto, macho yamefifia.
"Lilikufanya nini, hilo jitu?"
Kokoto ikasogea ulimini.
"Alinishukuru," nikasema.
"Lilikushukuru," akanirekebisha,
kama alivyonirekebisha nikiwa na miaka minne.

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, nayo yalikuwa makali.
Nikavuta kigoda.
Nikakaa kwanza.