Kurasa Kumi na Sita

Kilinijia hakina jalada,
kimevishwa karatasi ya kaki kama daftari la hesabu.
Kidawa alinipa nyuma ya tangi la maji, skuli, Wete:
"Siku tatu. Na usifunue kwa mate."
Nikakaa nacho wiki tano.

Ndani mlikuwa na Mwanashaha, umri wangu,
aliyeota kivuli cha pili.
Cha kwanza kikimfuata. Cha pili kikitangulia,
kikifungua milango asiyoifikia bado.
Wazee wa mji wake walisema: kikatwe.
Shangazi zake wakamfunga kanga mbili, akifiche.

Mimi nilikuwa na kifua kinachouma nikikimbia,
na mama aliyeniambia ghafla, "Kaa vizuri,"
bila kusema nimekaaje.

Umeme ukikatika
nilisimama mbele ya kibatari nikahesabu ukutani:
kimoja.
Nikageuka taratibu, labda kinaona haya.
Kimoja.
Mdogo wangu Faki akacheka, pumzi yake ikauzima moto,
na kwenye giza lile, naapa, vilikuwa vingi.

Nilisoma nikichambua karafuu,
kurasa za katikati zanukia mpaka leo.
Nilisoma nikilinda wali, wali ukaungua,
nikapigwa, nikasoma.
Si kwa ajili ya mlima wake wa chumvi,
ingawa mlima ule niliulamba kwa macho.
Nilitaka kujua mtu hukua vipi
bila kuomba radhi.

Ukurasa wa mia mbili na nane:
Mwanashaha yuko langoni, kisu mkononi,
kivuli kinamtazama, naye akasema

Basi. Uzi mtupu.
Kaka yake Kidawa aliziuza zilizobaki, kumi na sita,
kwa Bi Time wa karanga.

Nikala karanga. Ee, nilizila!
Pesa zote za sikukuu,
nikifunua bumba baada ya bumba:
gazeti, gazeti, risiti ya saruji,
mtihani wa mtu aliyefeli jiografia,
hata siku moja, mia mbili na ishirini na moja,
umelowa mafuta, pembe moja haipo.
Mwanashaha amerudi kwao.
Mama yake yuko mlangoni. Akamtazama usoni,
akatazama chini, vyote viwili,
akauliza: "Mmekula?"

Nilirudi nyumbani na chumvi vidoleni.
Mama alikuwa anapepeta mchele.
Nikakaa nijuavyo mimi.
Akaniangalia kidogo,
akasogeza ungo, tukachagua mawe pamoja.