Sindano Tatu

Mikunguni, umeme umerudi saa nne usiku.
Fundi Mbaruku kafungua kitambaa mezani:
vichwa vitatu vya sindano, santuri moja
iliyomeguka ukingoni.

Cha kauri kwanza. Sauti nene,
fidla zimegandana kama ubwabwa,
Bi Zuwena anaimba nyuma ya pazia.

Cha sumaku. Pazia limevutwa:
ganuni inadondoka tone tone,
dumbaki ina ngozi, si kishindo tu.

Cha koili kakiazima Vuga, kwa kiapo.
Akapuliza vumbi, akakishusha
kama anayemtia mtoto wanja.
Kumbe chumba kile kilikuwa na watu!
Kiti kikalia.
Mtu akameza mate kabla ya ubeti.
Na kikohozi, kimebanwa kiganjani.

"Suwedi huyo," fundi akasema, "na udi wake.
Kifua kilikuwa kishamwanza."

Mama akaweka kikombe chini.
Miaka arubaini anamsikiliza mumewe akipiga,
hakuwahi kumsikia akiumwa.

Nikangoja aseme kipi kizuri.
Fundi naye, bisibisi mkononi.

"Hiki kinasema kweli," akasema Mama.
"Nirudishieni kile cha kauri."