Bi Miwani

Jina lake halisi lilipita mwanzoni, kwa herufi nyeupe,
Semboja bado anapanga viti.
Sisi wa Barabara ya Kumi na Nne
tulimwita Bi Miwani, yule mama wa Kiingereza.

Wengine walimpenda alipokuwa malkia.
Mimi na taji wapi na wapi!
Nilimpenda alipokuwa hakimu, akafuta miwani
kwa pindo la joho, taratibu,
hadi mwongo kizimbani akaanza kukohoa.

Shangazi Mwanahija alishikilia ile ya mpishi:
"Tazama anavyokata kitunguu. Huyo haigizi, anapika."
Akaomba kanda irudishwe. Ikarudishwa mara tatu,
mpaka wavulana wakadai shilingi zao.

Semboja ndiye aliyempa Kiswahili,
kwa lafudhi ya Muheza:
"Mwanangu, Pangani si mbali kwa mwenye nauli."
Na Bi Miwani hata mdomo hajafumbua.
Ngamiani nzima ikacheka.

Halafu ile ya mjane.
Anaosha vikombe viwili. Anakausha viwili.
Anavipanga mezani,
anaduwaa,
kimoja anakirudisha kabatini, mpini ukielekea ukutani.

Semboja alishika kipaza sauti,
akavuta pumzi, tukaisikia,
akakiweka chini.
Mvua ya vuli ilikuwa inapiga bati.
Shangazi, aliyetoka eda wiki ile,
hakuomba irudishwe.

Njiani alinunua vitunguu,
akivipima mkononi kimoja kimoja,
taratibu,
kama mtu anayetazamwa.