Wa Nne Atajikwaa

Vyoo arobaini, niliandika. Vimekamilika.
Nikabandika picha: safu ya milango ya bati
iking'aa kwenye jua la Sindh
baada ya mafuriko kurudi mtoni kwao.
Mfadhili alijibu kwa neno moja: Hongera.

Sikuandika kuhusu mbuzi.
Sikuandika kwamba milango yote arobaini
ilitazama njia ya mfereji,
njia wanayopita wanaume kwenda kusali, kunywa chai, kurudi,
na kwamba hakuna mwanamke wa Bachal Khoso
ambaye angekubali kuonekana akienda msalani
mbele ya baba mkwe wake.
Walingoja giza, kama walivyolingoja zamani,
wakaenda kwenye mashina ya pamba, na nyoka wake.
Vyoo vikapata wapangaji: kuni, majani makavu,
mbuzi mmoja mwenye mimba
aliyejinyoosha juu ya simenti yangu
kama bibi harusi.

Miaka miwili. Mto Indus ukasahau kingo zake tena.
Nikatumwa tena, na mchoro uleule begini,
umekunjika palepale.

Usiku wa kwanza jenereta ilizima.
Nilikuwa natafuta orodha ya mablanketi kwa tochi,
nikafungua kabati la chini, lile lisilofunga vizuri,
nikakuta faili lililotafunwa pembeni na mchwa.
Ripoti ya aliyenitangulia, mhandisi Tarachand,
ambaye nilisikia tu kwamba alikuwa msumbufu.
Ukurasa wa thelathini na moja, chini ya jedwali la misumari:
Nilikosea. Milango igeuzwe.
Waulizeni wanawake kabla ya kuchimba.
Tarehe yake ilikuwa ya kabla ya mchoro wangu.

Husemwa kosa si kosa, kosa ni kulirudia.
Na kulirudia pasipo kujua, tuliite nini?
Na kulirudia ilhali kabati linajua?

Asubuhi nilimkuta Mai Hurmat
akikamua maji ya mto kutoka kwenye mfarishi wake wa viraka.
"Wa kwanza nilimwambia," alisema, hakuinua macho.
"Alisikiliza, akaandika, akahamishwa.
Wa pili alikuwa na haraka. Alifanana na wewe."
Akakung'uta mfarishi, matone yakanipata usoni.
"Wa tatu amekuja na masikio. Vizuri.
Lakini nawe utahamishwa.
Basi andika mahali ambapo wa nne atajikwaa."

Wanawake walipima kwa hatua zao, si kwa futi zangu.
Walibishana siku mbili juu ya ukuta wa kusitiri,
siku mbili ambazo ratiba haikuwa nazo,
na binti mmoja, Sukhan, akaniuliza
kama huko tunakosomea kuna darasa la kunyamaza.
Sikuwa na jibu, nikanyamaza.
Akacheka. "Umefaulu."

Na simenti ya kizingiti cha kwanza ilipokuwa bado mbichi
nikachora kwa msumari, herufi zimepinda:
HAPA TULIKOSEA MARA MBILI. ULIZA.

Wiki iliyopita ofisi kuu iliomba picha.
Kizingiti kisionekane, waliandika, kwa heshima zote.

Nimewatumia kizingiti,
na mguu wa Mai Hurmat juu yake, kandambili ya bluu,
kisigino hewani, anaingia.

Bado hawajajibu.